SOMO LA UFUGAJI: UTANDO MWEKUNDU KATIKA BWAWA JIPYA

 

Umechimba bwawa nyuma ya mikoko, penye uwanda mtupu. Umeingiza maji ya bahari na kupanda vifaranga vya mwatiko. Baada ya majuma machache unaona chini pametanda kitu chekundu, au cha kijani cheusi, kinachoteleza kama bamia. Mchana kinatoa mapovu, kisha vipande vyake vinaelea. Je, bwawa limeharibika?

La, halijaharibika. Lakini ukipuuza, samaki wanaweza kufa.

Watu husema ni mwani. Kwa kweli ni bakteria, viumbe wadogo mno wanaotumia mwanga wa jua kama majani. Hata wanaofuga samaki wa bahari katika matangi ya kioo huwaona tangi likiwa jipya. Hupenda maji yaliyosimama na chakula kilichozidi. Pumba isiyoliwa huoza, ikawa mbolea yao. Na katika bwawa jipya, viumbe wengine wa kugombea mbolea hiyo bado ni wachache.

Hatari iko usiku. Mchana utando hutoa oksijeni, ile hewa wanayovuta samaki majini. Usiku utando nao huivuta. Tena ukioza, huimaliza. Alfajiri utawaona samaki juu ya maji wakipanua vinywa. Ukiwaona hivyo, usiwalishe siku hiyo, na bahari ikijaa, ingiza maji mapya.

Basi fanya hivi:

1. Punguza chakula. Tupa kidogo, ngoja kiliwe chote.

2. Opoa vipande vinavyoelea kwa wavu wa macho madogo. Vipeleke mbali, ukiviacha ukingoni, mvua itavirudisha.

3. Badili maji siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Bahari ikipwa, toa sehemu ya maji ya zamani. Ikijaa, ingiza mapya kupitia wavu. Siku za maji mafu huenda bahari isifike mlangoni pako.

4. Usitie sabuni wala dawa ya wadudu.

Wala usikwangue chini pote. Utando mwembamba ni chakula cha mwatiko. Usiumalize, uzuie usizidi.

MASWALI

1. Kwa nini samaki hupanua vinywa alfajiri?

2. Pumba iliyozidi huleta nini?

3. Bamvua lijalo ni siku gani? Andika tarehe yake.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.