Punguzo la Umeme Lililomo Ndani ya LUKU: Namna ya Kulitambua, Kulidai na Kulitunza

Wakazi wawili wa mtaa mmoja wa Kariakoo wananunua umeme wa shilingi 5,000 kwa siku moja. Mmoja anapata uniti 41. Mwenzake, ambaye wanatenganishwa na ukuta tu, anapata uniti 14. Hakuna aliyeibiwa, wala mita haina hitilafu. Tofauti ni kwamba wa kwanza yumo katika kundi la wateja wa matumizi madogo ya nyumbani, na wa pili hayumo.

Katika baadhi ya nchi, mwananchi anayebadilisha taa, friji au madirisha ili kupunguza matumizi ya umeme hupeleka risiti serikalini na kurudishiwa sehemu ya fedha alizotumia. Kwetu katikati ya Jiji la Dar es Salaam nafuu ya mkazi haipiti njia hiyo. Imo ndani ya bei ya umeme wenyewe. Anayepunguza matumizi hadi kiwango kilichowekwa anastahili kuombewa bei ya chini. Makala haya yanaeleza kiwango hicho, namna ya kukifikia na hatua za kudai haki hiyo.

Bei mbili za umeme wa nyumbani

Bei za umeme huidhinishwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA). Kwa mujibu wa bei zilizoanza tarehe 1 Aprili 2016, mteja wa nyumbani huwa katika kundi mojawapo kati ya haya:

Kundi D1 ni la wateja wa majumbani ambao matumizi yao kwa wastani hayazidi uniti 75 kwa mwezi. Kila uniti ndani ya kiwango hicho ni shilingi 100. Uniti inayozidi 75 ni shilingi 350.

Kundi T1 ni la matumizi ya kawaida, yakiwamo ya nyumba kubwa na biashara ndogo. Kila uniti ni shilingi 292, tangu ya kwanza hadi ya mwisho.

Juu ya bei hizo huongezwa Kodi ya Ongezeko la Thamani asilimia 18, tozo ya nishati vijijini asilimia 3 na tozo ya EWURA asilimia 1. Hivyo mkazi wa D1 hulipa shilingi 122 kwa uniti, na wa T1 hulipa shilingi 356 na senti kadhaa. Bei ya T1 ni karibu mara tatu ya ile ya D1.

Kupunguza matumizi bila kudai ni nusu ya kazi

Tuchukue familia moja yenye balbu tatu za zamani za wati 60 zinazowaka saa sita kila usiku, friji kuukuu inayokula uniti moja na nusu kwa siku, feni ya wati 60 inayozunguka saa kumi, na televisheni ya wati 100 inayowashwa saa tano. Kwa mwezi wa siku 30 balbu hula uniti 32, friji 45, feni 18 na televisheni 15. Jumla ni uniti 110. Kwa bei ya T1, familia hiyo hulipa takribani shilingi 39,190.

Sasa familia inaweka taa za LED za wati 9 mahali pa balbu zile, na matumizi ya taa yanashuka hadi uniti 5. Inabadilisha raba ya mlango wa friji, inaondoa barafu iliyoganda na kuisogeza friji mbali na ukuta, hata ikala uniti 36 kwa mwezi badala ya 45. Jumla inakuwa uniti 74. Ikiwa bado iko katika T1, itakuwa inalipa shilingi 26,360. Imeokoa takribani shilingi 12,800 kwa mwezi, na wengi huishia hapo kwa furaha.

Lakini familia hiyo sasa imo ndani ya kiwango cha D1. Ikihamishiwa huko, uniti zilezile 74 zitagharimu shilingi 9,030 hivi. Hiyo ni nafuu nyingine ya zaidi ya shilingi 17,300 kila mwezi. Safari moja ya kwenda ofisi ya TANESCO inaokoa fedha nyingi kuliko taa na friji kwa pamoja.

Hatua za kufuata

Kwanza, tambua kundi lako. Tazama ujumbe wa LUKU katika simu au risiti ya wakala. Gawanya gharama ya umeme, kabla ya kodi na tozo, kwa idadi ya uniti. Ukipata 100 uko D1. Ukipata 292 uko T1. Usihesabu ndani yake makato ya kodi ya majengo, ambayo tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na shilingi 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa. Hayo si gharama ya umeme, na mlipaji wake kisheria ni mwenye jengo. Mpangaji anayekatwa fedha hizo kupitia mita anayoitumia anapaswa kuelewana na mwenye nyumba wake juu ya kurejeshewa au kupunguziwa kodi ya pango.

Pili, jumlisha uniti ulizonunua katika kila mwezi kwa miezi mitatu iliyopita. Zikiwa chini ya 75 kwa kila mwezi, una hoja. Zikiwa juu kidogo, punguza matumizi kwanza, kisha rudi kuhesabu.

Tatu, fika ofisi ya TANESCO inayohudumia eneo lako au piga simu namba 180. Uwe na namba ya mita, kitambulisho cha taifa na kumbukumbu za manunuzi ya miezi hiyo. Omba matumizi yako yakaguliwe na uhamishiwe D1. Dai namba ya kumbukumbu ya ombi na uiandike pamoja na tarehe. Ikiwa mita imesajiliwa kwa jina la mwenye nyumba, nenda naye au uwe na barua yake.

Nne, usiporidhika na majibu, peleka lalamiko kwa maandishi kwa meneja wa ofisi hiyo. Likishindikana hapo, lifikishe EWURA. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma zinazodhibitiwa na EWURA (EWURA CCC) lipo kwa ajili ya kumsaidia mtumiaji kueleza na kufuatilia malalamiko yake.

Hatua hizi hazimhitaji kishoka. Mtu anayekuja mlangoni akidai malipo ili "akuhamishie bei" au "achezee mita", usimpokee. Kuchezea mita ni kosa la jinai, na anayebaki na mita hiyo ni wewe.

Nyumba ya vyumba sita, mita moja

Tatizo kubwa katika kata zetu liko katika nyumba za kupanga. Kila mpangaji anaweza kuwa mtu wa matumizi madogo kabisa, lakini mita ni moja, nayo haijui idadi ya familia. Vyumba sita, kila kimoja kikitumia uniti 22, hufanya uniti 132. Nyumba nzima huingia T1 na kulipa takribani shilingi 47,020. Hivyo anayeishi chumba kimoja, mwenye taa mbili na feni, hununua umeme kwa bei ileile ya mwenye nyumba ya fahari. Juu ya hapo huzuka ugomvi wa nani hajachanga na nani anapiga pasi usiku.

Nyumba hiyo ikigawanywa katika mita mbili, kila moja ikihudumia vyumba vitatu, kila mita itabeba uniti 66. Zikikubaliwa D1, malipo yote yatakuwa shilingi 16,100 hivi, yaani pungufu ya shilingi 30,900 kwa mwezi. Kwa gharama zilizotangazwa Januari 2022, kuunganishiwa umeme wa njia moja mjini, ndani ya mita 30 bila kuhitaji nguzo, ni shilingi 320,960. Kwa akiba hiyo gharama hurudi katika miezi kumi na nusu, mbali na malipo ya fundi wa kutenganisha nyaya. Thibitisheni kwanza na TANESCO kiasi kinachohusu nyumba yenu.

Maombi huwasilishwa na mwenye nyumba, ofisini au kupitia mfumo wa Nikonekt. Kazi ya nyaya ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Mita mpya ikianza kukatwa kodi ya majengo wakati jengo ni lilelile, toeni taarifa mapema ili kodi ibaki kwenye mita moja. Ieleweke pia kwamba bei ya D1 iliwekwa kwa ajili ya kaya za matumizi madogo. Kaya moja yenye viyoyozi na friji mbili ikijigawia mita ili kujipenyeza humo, inakwepa bei inayostahili kuilipa, na TANESCO inayo mamlaka ya kuirudisha T1.

Kulitunza punguzo

Ukishaingia D1, hatari ni kutoka bila kujua. Usinunue umeme wa miezi miwili kwa mkupuo: uniti ya 76 ndani ya mwezi mmoja itakugharimu shilingi 427 pamoja na kodi na tozo, na wastani wako utapanda. Ukizidi mara kwa mara utarudishwa T1.

Jihadhari hasa na vifaa vya joto na baridi. Jiko la koili la wati 1,500 likitumika saa mbili kwa siku hula uniti 90 kwa mwezi, na peke yake limekwisha kukutoa. Kiyoyozi kinachovuta wati 1,000 kwa saa nane za usiku humaliza uniti 80 katika siku kumi. Anayetaka kupikia umeme atafute jiko la presha, linalofunika mvuke na kuivisha sufuria ya maharage kwa chini ya uniti moja.

Unaponunua kifaa madukani Kariakoo, soma wati zilizoandikwa kwenye kibandiko, dai risiti ya EFD na uitunze. Friji ya mtumba yenye bei ya kutupa inaweza kula kila mwezi akiba uliyoipata siku ya kuinunua.

Mwisho, mkazi akisikia kwamba mitungi ya gesi au majiko banifu ya ruzuku "yanaandikishwa" mtaani kwa ada ya usajili, aulize kwanza Ofisi ya Mtendaji wa Kata. Ruzuku za Wakala wa Nishati Vijijini (REA) zimeelekezwa zaidi vijijini na pembezoni mwa miji. Haki ya mkazi wa Kariakoo, Gerezani, Jangwani au Upanga iko karibu zaidi: imeandikwa katika ujumbe wa LUKU uliomo ndani ya simu yake. Aufungue leo, agawanye shilingi kwa uniti, na akipata 292 aanze kukusanya kumbukumbu zake.