Je, Wajua? Mwalimu, Mwanafunzi na Sheria, Kutoka Usangi

Sheria ya Elimu inayoendesha shule zote za Usangi ni kongwe kuliko Wilaya ya Mwanga yenyewe! Ni Sheria Namba 25 ya mwaka 1978. Mwanga ikazaliwa mwaka 1979, Wilaya ya Pare ilipogawanywa kuwa Same na Mwanga. Mtoto wa Chomvu, hapa Usangi, aliyeandikishwa darasa la kwanza mwaka ule wa 1978 alianza shule wilaya moja akamalizia wilaya nyingine, na hakuhama hata dawati.

Bado. Sheria hiyo ilifanyiwa marekebisho makubwa mwaka 1995. Na unadhani Waziri Mkuu wa mwaka huo alikuwa nani? Cleopa David Msuya, mwana wa Usangi.

Sogea, shika hili. Upareni suala la elimu kusimamiwa na dola halikuja na Wazungu. Mwanahistoria Isaria Kimambo, Mpare mwenyewe, ameandika jinsi Mranga, mtawala wa Ugweno wa karne ya 16, alivyoyaweka mafunzo ya jando chini ya utawala wake. Hapo Ugweno, jirani kabisa na Usangi, vijana walikuwa na mtaala wa serikali karne 4 kabla ya Wizara ya Elimu!

Kwa nini shule nyingi za zamani za milimani zilianza kando ya kanisa? Kwa sababu zilianzishwa na wamisheni: Waadventista walifika Upare ya kusini mwaka 1903, Walutheri nao walikuwa tayari Shigatini kwa upande wa kaskazini. Lakini bunge la Tanzania likatunga Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, na shule za misheni zilizokuwa zikipata ruzuku zikawa mali ya umma. Kengele ikabaki ileile, mwenye shule akabadilika.

Wajua kwamba enzi za Mwingereza kulikuwa na mifumo mitatu ya shule, mmoja wa Wazungu, mwingine wa Waasia, mwingine wa Waafrika? Watoto walitenganishwa kwa rangi, kisheria kabisa. Sheria mpya ya elimu iliyopitishwa 1961 na kuanza kutumika 1962 ilifuta ubaguzi huo.

Sasa kaa vizuri usikie hesabu. Mwaka wa uhuru, 1961, Tanganyika nzima ilikuwa na wanafunzi 11,832 tu wa sekondari. Na Kidato cha 6? Wanafunzi 176. Nchi nzima! Mabasi matatu yangetosha kuwabeba wote, na wachache wangesimama.

Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua milango, na kitivo chake cha kwanza hakikuwa cha ualimu wala udaktari. Kilikuwa cha sheria! Wanafunzi hawakuzidi 14, na darasa lao lilikuwa kwenye jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba.

Tukija kwa mwalimu mwenyewe, utashangaa zaidi. Kabla ya 1962, walimu wawili wenye cheti kimoja wangeweza kuwa na waajiri tofauti na masharti tofauti ya kazi, mmoja wa misheni na mwingine wa Serikali. Mwaka huo ukaja utumishi mmoja wa walimu wote.

Leo hii hakuna anayeruhusiwa kushika chaki mbele ya darasa bila kusajiliwa au kupewa leseni ya kufundisha. Chunguza vizuri: sheria inawahusu pia walimu wa shule binafsi.

Na mwalimu wa shule ya Serikali ana wakubwa wangapi? Wizara ya Elimu inasimamia sera na mtaala, TAMISEMI inaendesha shule anayofundisha, na Tume ya Utumishi wa Walimu inashika cheo chake na nidhamu yake. Tume hiyo imeundwa kwa Sheria Namba 25 ya mwaka 2015, ikaanza kazi Julai 2016. Umeiona hiyo 25? Ndiyo namba ileile ya Sheria ya Elimu ya 1978!

Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mwalimu akiadhibiwa na asiridhike na uamuzi wa Tume, anaweza kukata rufaa kwa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Hebu fikiria: jalada la mwalimu wa shule ya msingi kule mlimani linaweza kufika Ikulu.

Ulichapwa shuleni? Basi sikiliza. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi 4 kwa mara moja, na kwa kosa zito tu. Mchapaji ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu, na msichana anachapwa na mwalimu wa kike, labda asiwepo kabisa. Kisha adhabu yote inaandikwa kwenye kitabu maalumu: jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko na jina la aliyechapa. Mzazi, siku ukifika shuleni, ulizia kitabu cha adhabu. Kiboko kisichoandikwa humo kimetoka nje ya kanuni.

Wajua kwamba kumpa ujauzito mwanafunzi ni kifungo cha miaka 30? Kumuoa nako ni hivyohivyo. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliweka hilo kwa shule za msingi na sekondari, na yanamlinda mvulana pia: naye haruhusiwi kuoa wala kuolewa akiwa mwanafunzi. Anayesaidia ndoa hiyo, awe mjomba au shangazi, hakwepi mkono wa sheria.

Na binti aliyejifungua? Tangu Novemba 2021 anaruhusiwa kurudi darasani. Miaka mingi mlango huo ulifungwa, na mabinti wengi sana waliachwa nje.

Elimu ya msingi na sekondari si jambo la Muungano! Zanzibar ina sheria yake ya elimu, ya mwaka 1982, na ilitangaza elimu bure tarehe 23 Septemba 1964. Lakini Baraza la Mitihani ni la Muungano, na elimu ya juu pia. Kwa hiyo mtoto wa Usangi na mtoto wa Wete, kule Pemba, wana mawaziri wawili wa elimu, ila mtihani wa Kidato cha 4 ni mmoja.

Baraza hilo la Mitihani lilianzishwa kwa sheria mwaka 1973. Kabla ya hapo babu zetu wa sekondari walifanya mitihani ya Cambridge, ya huko Uingereza!

Subiri, hili linauma kidogo. Ibara ya 11 ya Katiba yetu inasema kila mtu ana haki ya kujielimisha. Lakini Ibara ya 7 inasema mahakama haina uwezo wa kuitilia nguvu sehemu hiyo ya Katiba. Haki imeandikwa, ila huwezi kwenda kuidai kortini kwa ibara hiyo. Mimi nasema ibara hii inastahili meno.

La mwisho hili hapa, na linakuhusu wewe mwenye mtoto. Kwa sera mpya iliyozinduliwa mwanzoni mwa 2025, elimu ya lazima inapanda kutoka miaka 7 hadi 10, na shule ya msingi inashuka hadi darasa la 6. Kwa hiyo mwaka 2027 darasa la 6 na darasa la 7 watamaliza pamoja, nchi nzima, na Kidato cha Kwanza cha 2028 kitapokea mafuriko ya watoto wa madarasa mawili kwa mpigo. Wazazi wa Usangi, kikao kijacho cha shule ulizeni hili kwanza: madawati yako mangapi?