Mtumishi Anapoishiwa Nguvu

Toka Kavimvira mpaka Makobola makanisa yetu yana wauguzi, walimu na wale wanaofundisha vijana mpira. Wengi wao wamechoka. Mara nyingi tunawaambia wavumilie na waombe zaidi. Lakini je, tumeuliza uchovu huo unatoka wapi?

Mwaka 1974, mwanasaikolojia Herbert Freudenberger wa New York aliandika juu ya watu waliojitolea kama yeye kuwatibu watu bila malipo. Aliona kwamba waliojitoa sana ndio walioishiwa nguvu. Huko California, Profesa Christina Maslach alitumia miaka mingi ya kazi yake ya chuo kikuu kuchunguza jambo hilo. Mwaka 1981, yeye na Susan Jackson walitoa maswali 22 ya kulipima. Alama zake ni tatu: mtu anaishiwa nguvu, moyo wake unakuwa baridi kwa anaowahudumia, na anaona kazi yake haizai kitu. Baadaye walimu nao wakapata maswali yao. Mwaka 2001, Thomas Raedeke na Alan Smith walitengeneza ya wanamichezo, kwa sababu hata mchezo mtu alioupenda unaweza kumchukiza.

Mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hali hii si ugonjwa; inatokana na mkazo wa kazi uliodumu bila kushughulikiwa. Maslach na mwenzake Michael Leiter walitaja mambo yanayoileta: mzigo kupita kiasi, kunyimwa sauti katika kazi, kukosa malipo na shukrani, kukosa umoja, upendeleo, na kutakiwa kutenda kinyume cha dhamiri.

Hayo tunayajua Uvira. Muuguzi anapokea wagonjwa wa kipindupindu usiku kucha, na mshahara haujafika. Mwalimu ana darasa lililojaa, na nyumbani watoto wanangoja chakula. Mafuriko ya mto Mulongwe ya Aprili 2020 hayakuchagua nyumba ya anayehudumia na ya anayehudumiwa. Kisha Jumapili tunamkabidhi mtu huyo huyo kwaya, shule ya Jumapili na kamati ya ujenzi.

Tumkumbuke Eliya chini ya mretemu, akiomba afe. Mungu hakumkemea. Alimpa usingizi, mkate na maji; baadaye akampa Elisha wa kumsaidia. Chakula, pumziko na msaidizi: hayo matatu kanisa linaweza kuyatoa.

Basi wachungaji na wazee, tuhesabu mizigo ya watumishi wetu mmoja mmoja. Mwenye kazi tatu, tumwondolee mbili. Anayekesha hospitalini, tusimhesabie utoro asipofika ibadani. Tumtembelee na chakula. Asiyelipwa, tumsemee kwa wakubwa wake. Na aliyechoka asione haya kusema. Kuchoka si kukosa imani.