Tarakimu Sita za Mama

Paukwa! Itikieni "pakawa", kisha sogeeni karibu, maana hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina binti wa darasa la sita, Morogoro mjini, na mama yake mpika vitumbua.

Asubuhi moja mikono ya mama imejaa unga, simu ikalia. Ni ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mjomba, na picha yake ile ile ya kanzu nyeupe. Mama akasema, "Hebu mjibu mjomba wako." Binti akaandika shikamoo. Jibu likaja: "Marahaba mpendwa. Kuna tarakimu sita nimezituma kimakosa kwenye simu ya mama. Nirushie haraka, zinaisha muda."

Kweli, tarakimu sita zilikuwa zimeingia kwa meseji ya kawaida. Binti akazinakili, akatuma. Punde WhatsApp ya mama ikafungika.

Sasa nisikilizeni vizuri, hapa ndipo penye siri. Mwizi alikuwa amepakua WhatsApp kwenye simu yake mwenyewe. Alipoulizwa namba, akaandika ya mama. Programu haiwezi kumwona aliyeshika simu, kwa hiyo hutuma tarakimu sita kwenye namba iliyoandikwa, na atakayezitaja ndiye huhesabiwa kuwa mwenye namba. Mwizi alikuwa amefika mlangoni, ufunguo uko ndani kwa mama. Hakuwa na ujuzi wowote wa ajabu wa kompyuta. Alimhitaji mtu wa kumpa ufunguo, akamchagua mtoto mwenye adabu.

Na mjomba je? Naye alikuwa ameibiwa usiku wa jana, kwa njia hiyo hiyo. Mwizi akiichukua akaunti hapati mazungumzo ya zamani yaliyobaki kwenye simu ya mwenyewe, ila makundi anayakuta. Kundi la ukoo lilimpa namba ya mama. Lakini kuna jambo asingeweza kulijua: binti huyu amerithi jina la bibi yake, na mjomba tangu azaliwe humwita "mama". Hajamwita "mpendwa" hata siku moja.

Wanangu, kumpigia mkubwa simu ya kawaida ili usikie sauti yake si utovu wa adabu. Mjomba wa kweli atafurahi. Mwizi ndiye atakayesema usipige, spika imeharibika, yuko kikaoni, fanya haraka. Haraka hiyo ndiyo silaha yake kubwa, kwa sababu mtu akipata dakika mbili za kufikiri, mchezo umekwisha.

Kuna wezi wengine wasiomjua mtu hata mmoja. Mmeiona ile meseji: "Ile hela itume kwenye namba hii"? Anayeiandika huitawanya kwa watu wengi bila kuchagua. Wengi wataifuta. Lakini kati yao hakosekani mama aliyekuwa anajiandaa kumlipia mwanawe ada siku hiyo, akadhani ni mhasibu. Mwingine hukuandikia meseji inayofanana na ya muamala, kisha hupiga akilia kwamba amekosea namba, umrudishie. Msiamini meseji hiyo. Ingieni kwenye menyu ya huduma ya fedha mkaangalie salio lenyewe. Namba ya siri ya fedha hapewi mtu, hata ajitambulishe kuwa wa kampuni ya simu. Hapa Tanzania huduma kwa wateja ni namba 100, na namba ya kitapeli huripotiwa kwa 15040.

Turudi kwa binti. Aliogopa fimbo, lakini alisema dakika ile ile. Mama akaacha kikaango, akafungua WhatsApp upya kwa namba yake, akapokea tarakimu mpya, akaziingiza, na mwizi akatolewa nje. Lau mwizi angekuwa amewahi kuweka namba yake ya siri ya hatua ya pili, bado angetolewa, ila mama angengoja siku 7 kabla ya kuingia. Kwa hiyo mama akaiweka yake hapo hapo, kwenye mipangilio, sehemu ya uthibitishaji wa hatua mbili. Fanyeni hivyo leo kwenye simu za nyumbani, wazazi wakiwapo.

Kwa muda ule mfupi mwizi alikuwa amekwisha kuwaandikia wanakikoba wenzake mama: "Nimekwama, naomba elfu hamsini, jioni narudisha." Mmoja alituma, na hela ikatolewa kwa wakala mara moja, haikupatikana tena. Wengine walikuwa bado wanatafuta salio pale mama alipowapigia, mmoja baada ya mwingine, vitumbua vikiungua jikoni.