Stashahada ya Utabibu: Mlango wa Pili wa Udaktari

Kila yanapotangazwa matokeo ya kidato cha sita, wapo vijana wa Tanga, Muheza na Pangani wanaokuta alama zao za Fizikia, Kemia na Baiolojia hazitoshi kuwaingiza katika shahada ya udaktari. Wengi huyapokea matokeo hayo kama hukumu ya mwisho, ilhali upo mlango mwingine.

Mlango huo ni stashahada ya utabibu, inayosomwa kwa miaka mitatu. Mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania humruhusu afisa tabibu kuomba shahada ya udaktari akiwa na wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa kidato cha nne katika Fizikia, Kemia, Baiolojia, Hisabati na Kiingereza. Sharti hilo la mwisho halionekani kwa urahisi: mtu huwa na stashahada njema, kumbe alianguka Hisabati miaka kumi iliyopita. Dawa yake ni kulirudia somo hilo kama mtahiniwa wa kujitegemea kabla ya kulipa ada ya maombi. Mwombaji huhitaji pia namba ya uthibitisho wa tuzo kutoka NACTVET. Tangu 2017 maombi hupelekwa moja kwa moja vyuoni. Hivyo ni lazima kusoma mwongozo wa mwaka husika na masharti ya kila chuo.

Masharti yakishatimia, hubaki shaka. Afisa tabibu aliyezoea kuhudumia zahanati peke yake hujiuliza: nitaketije darasani na vijana waliotoka shuleni jana? Nani atalisha watoto wangu kwa miaka mitano ya masomo na mmoja wa utarajali? Swali la pili ni la hesabu, nalo lifanyiwe hesabu mapema: ruhusa ya masomo kwa mwajiri, maombi ya mkopo, mazungumzo na familia.

Swali la kwanza limekwisha kujibiwa na historia. Kwa miongo mingi, maafisa tabibu walirudi darasani wakawa madaktari wasaidizi, na Tanga ilikuwa miongoni mwa vituo vya mafunzo hayo. Ndio waliobeba sehemu kubwa ya upasuaji wa dharura wa uzazi katika hospitali za wilaya. Akina mama wengi wa nchi hii wako hai kwa mikono ya watu waliosoma kwa vituo.

Mganga mfawidhi anayemwona afisa wake akisitasita anaweza kumsaidia kwa jambo dogo: kukaa naye jioni moja, mwongozo ukiwa mezani, wakilinganisha vyeti na masharti. Chombo kilichopwelewa hakijazama. Mabaharia hukitia kalafati wakati maji yamekupwa, ili bamvua likifika kiwe tayari kuelea.