Uko Bungoma ama Kitale? Wikendi Hii Peleka Shosh Makumbusho

Msee, kama wikendi imekupata Bungoma bila plani, panda mat ya Kitale, mpite Kamukuywa na Kiminini, kisha uulizie Makumbusho ya Kitale.

Hii kitu ilianza na mtu mmoja. Hugh Stoneham alikuwa mwanajeshi Mwingereza na settla, enzi ambazo Trans Nzoia ilikuwa mashamba ya wazungu na wenyeji wengi vibarua wao. Alikusanya vipepeo, ndege na vitabu, na 1926 akafungua makumbusho yake binafsi. Alipofariki 1966, wosia wake ukaachia taifa mkusanyiko huo. Jengo jipya likafunguliwa 1974, makumbusho ya kwanza ya mkoa huku bara.

Sasa usikwame kwa vipepeo. Toka nje uone nyoka, mamba na boma za kienyeji, hata ya Wabukusu. Na usiende solo, enda na shosh. Kibandiko kitakupa jina la chungu, yeye atakuambia kilipikiwa nini, na nani hakuruhusiwa kukigusa. Stoneham aliandika wosia. Shosh wako hajaandika, so muulize sai.