Madigadi ya Baiskeli ya Mtoto

KERICHO, KENYA. Sisi tunaofanya kazi katika mashamba ya chai tunaijua mvua. Chai inaipenda, lakini njia za kambini hugeuka tope jekundu, na likishika kaptula ya shule halitoki kwa kufua mara moja. Baiskeli ndogo za mitumba tunazowanunulia watoto nyingi huja bila madigadi. Ndugu kadhaa wametuuliza wanunue yapi.

Kwanza tuseme tulipokosea. Mwenzetu mmoja alikuwa na madigadi makuukuu ya chuma, ya baiskeli ya inchi 28. Tukayakata kwa msumeno na kuyafunga kwenye baiskeli ya inchi 16 ya mwanawe wa miaka mitano. Tulijiona mafundi! Lakini mviringo wa gurudumu kubwa haukubaliani na gurudumu dogo: katikati yaligusa tairi, na ncha ya mbele ikachomoza. Siku ya pili mtoto alianguka, ile ncha ikamchana paja. Kiwandani tunadai mikanda ya mashine ifunikwe, na huku nyumbani tulimfungia mtoto kisu.

Basi usikadirie kwa macho. Soma ubavuni mwa tairi. Ukiona 47-305, maana yake tairi ina upana wa milimita 47 na kipenyo cha rimu ni milimita 305. Kumwambia muuzaji "inchi 16" hakutoshi, kwa kuwa iko rimu nyingine ya 349 ambayo nayo huitwa inchi 16. Madigadi yawe mapana kuliko tairi. Kwa tairi hiyo, milimita 55 au 60. Ukiweza, nenda dukani na gurudumu lenyewe.

Sisi tunapendelea ya plastiki. Hayashiki kutu, ni mepesi, na baiskeli ya mtoto tayari ni nzito kwa mwili wake. Pitisha kidole ukingoni: kikikwaruzwa, rudisha. Vyuma vya kushikilia vikipita nati, vikate na uvivike kofia za mpira.

Kati ya tairi na madigadi acha nafasi ya kidole cha mtu mzima, na kwa tope letu la kunata, zaidi kidogo, la sivyo litajaa humo na gurudumu litakataa kuzunguka.

Ya mbele yanataka uangalifu zaidi. Kijiti cha mchai uliopogolewa kikinasa kati ya tairi na madigadi, gurudumu linaweza kukwama ghafla na mtoto akarushwa juu ya usukani. Tena, mketishe mtoto, umwambie akate kona huku akikanyaga pedali. Ncha ya kiatu ikigusa madigadi, hayafai. Kama fedha ni ya moja tu, nunua ya nyuma, maana tope la mgongoni linatoka huko.

Mtoto wa mwenzetu amepona. Sasa ana ya nyuma tu, ya plastiki nyeusi. Ya mbele tutayajaribu akiisha kuhamia baiskeli ya inchi 20.